Abdulrazak Gurnah: tumemaliza Peponi, tufuate kipi, na je, ni mwandishi wetu?

Mwalimu Mstaafu (Moshi)

Wasomaji wenzangu, nawasalimu. Sisi ni wazee saba, wengi wetu tumestaafu kazi ya ualimu, na kila Jumamosi ya pili ya mwezi hukutana nyumbani kwa mmoja wetu hapa Moshi tukazungumza juu ya kitabu ambacho kila mtu amekwisha kukisoma kwa zamu. Mara hii tulisoma Peponi, tafsiri ya Kiswahili ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyotoka kwa Kiingereza mwaka 1994 kwa jina la Paradise. Nakala tuliyokuwa nayo ilikuwa moja tu. Tuliifunika kwa karatasi ya kalenda ya zamani, kama tulivyokuwa tukiwafundisha watoto kufunika madaftari, na ilipofika kwangu mimi wa mwisho ilikuwa na alama za penseli za watu sita waliokwisha kubishana pembezoni mwa kurasa kabla hata hatujakutana.

Ubishi huo ndio ulionileta hapa. Mmoja wetu alishikilia kwamba mji mdogo anakoachwa kijana Yusuf na mfanyabiashara Aziz, ule ulio chini ya mlima mkubwa wenye theluji kileleni, ni mji wetu huu, na akaanza kutuonyesha kwa kidole duka la Hamid Suleiman, mwenyeji wa Yusuf, lingekuwa upande gani wa soko. Mwingine alimkatiza akasema kwamba hata kama mlima ni wetu, mwandishi si wetu, kwa kuwa ameishi Uingereza kwa zaidi ya nusu karne, anaandika kwa Kiingereza, na sisi wenyewe hatukulijua jina lake mpaka alipopewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021. Hapo chai ilipoa. Mimi nilifundisha fasihi ya Kiswahili kwa miaka 31, na nakiri kwa aibu kwamba mpaka mwaka huo sikuwa nimesoma hata ukurasa mmoja wa Gurnah, kwa hiyo sikuwa na la kuwaamulia.

Ninamwomba mwenye kuyajua maisha ya mtu huyu anieleze alitokea wapi, alipitia wapi, na kwa nini alichelewa kufika masikioni mwetu. Naomba pia ushauri juu ya kitabu cha kufuata, nikikumbusha kwamba wanne kati yetu wanasoma Kiingereza bila taabu na watatu wangependelea kusomewa.

Kalamu Kavu (Arusha)

Shikamoo Mwalimu. Aibu hiyo tugawane, kwa sababu mimi nimeuza vitabu hapa Arusha kwa miaka mingi, na Alhamisi ile ya tarehe 7 Oktoba 2021, habari ilipotangazwa kutoka Stockholm, watu watatu walisimama mbele ya meza yangu kabla jua halijazama wakiulizia kitabu chochote cha Gurnah, nami sikuwa hata na kimoja. Niliwapigia simu wenzangu wawili wa Dar es Salaam, nikakuta nao wanapigiwa na watu wengine. Gurnah mwenyewe amesimulia kwamba alikuwa jikoni kwake simu ilipoita, na kwamba alidhani anafanyiwa mzaha, hivyo labda hakuna aliyekuwa amejiandaa siku hiyo.

Alizaliwa Zanzibar tarehe 20 Desemba 1948, katika familia ya Kiislamu yenye asili ya Yemen, na alikulia jirani na bandari ambako majahazi ya msimu yalikuwa yakitia nanga yakitoka Uarabuni, Ghuba ya Uajemi na Bara Hindi. Ukizisoma riwaya zake utaona kwamba bahari inatajwa kama sisi huku bara tunavyoitaja barabara kuu, yaani njia ya kila siku ya wageni, bidhaa, madeni na maneno. Mapinduzi ya Januari 1964 yalimkuta akiwa na umri wa miaka 15. Miaka iliyofuata ilikuwa migumu, hasa kwa familia zilizohesabiwa kuwa za Kiarabu, na kijana aliyetaka kuendelea na masomo hakuona mlango. Aliondoka akiwa na umri wa miaka 18, akafika Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1960, na hakukanyaga tena Zanzibar mpaka mwaka 1984, alipopata kumwona baba yake muda mfupi kabla mzee huyo hajafariki.

Katika kipindi hicho cha katikati, kabla hajawa profesa wala mwandishi, ndipo mtu huyu alipoumbika, na naona ndicho ambacho magazeti yalikiruka siku zile za tuzo. Katika mji wa Canterbury alisoma, na pia alifanya kazi ya mhudumu wa hospitali. Alipofikisha umri wa miaka 21 alianza kuandika kwenye daftari, kwanza mambo madogomadogo ya kumpunguzia upweke na hamu ya nyumbani, kisha kurasa zikaanza kuwa visa na visa vikaanza kuwa riwaya. Ukitaka kuonja maisha hayo, riwaya yake ya pili, Pilgrims Way ya mwaka 1988, inamhusu Daud, kijana wa Kitanzania anayefanya kazi hospitalini mjini humo humo Canterbury, anayevumilia dharau za mitaani kwa kuandika kichwani mwake barua ambazo hatazituma.

Mwaka 1980 alikwenda Nigeria kufundisha katika Chuo Kikuu cha Bayero mjini Kano, akakaa huko mpaka 1983, na katikati ya kipindi hicho, mwaka 1982, alipata shahada ya uzamivu ya Chuo Kikuu cha Kent kwa utafiti juu ya uhakiki wa fasihi ya Afrika Magharibi. Baadaye alifundisha Kent hadi alipostaafu mwaka 2017. Riwaya ya kwanza, Memory of Departure, ilichapishwa mwaka 1987, mwandishi akiwa na umri wa miaka 38. Hesabu mwenyewe, Mwalimu: kati ya daftari la kwanza na kitabu cha kwanza ilipita miaka kama 17. Mtu wa namna hiyo hawezi kuitwa aliyeibuka ghafla.

Kisha vikafuatana: Pilgrims Way, Dottie mwaka 1990, halafu Paradise, iliyotokana na safari ya utafiti aliyoifanya Afrika Mashariki karibu na mwaka 1990, na iliyofika kwenye orodha fupi ya Tuzo ya Booker. Zikaja Admiring Silence mwaka 1996, By the Sea mwaka 2001, Desertion mwaka 2005, The Last Gift mwaka 2011, Gravel Heart mwaka 2017 na Afterlives mwaka 2020. Ilipotangazwa Nobel alikuwa na riwaya kumi na umri wa miaka 72. Mwafrika mweusi wa mwisho kabla yake kupewa tuzo hiyo ya fasihi akiwa raia wa nchi ya Afrika alikuwa Wole Soyinka, mwaka 1986. Mwaka 2025 Gurnah ameongeza Theft, ya kwanza tangu tuzo.

Kuhusu kuchelewa kwake kutufikia, mimi kama muuzaji nina maelezo ya mtu wa dukani. Vitabu vyake vilichapishwa London na bei yake ilikuwa ya paundi, na kitabu kimoja kilichoagizwa kingeweza kulingana na matumizi ya nyumba ya mwalimu kwa wiki nzima. Muuzaji wa Arusha huweka mezani kile kinachotafutwa na wanafunzi, na mwanafunzi hutafuta kile kilichopangwa kwenye mtihani. Hata Paradise, iliyo maarufu kuliko zote, ilisubiri miaka 28 ndipo Ida Hadjivayanis, Mzanzibari anayefundisha Kiswahili London, alipoitafsiri na Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam wakaichapisha mwaka 2022. Baada ya hapo niliiuza. Ningalikuwa nayo siku ile ya Oktoba ningaliiuza yote kabla ya magharibi.

Mtanga wa Ngarenaro (Arusha)

Mimi ni mtu wa Tanga niliyehamia Ngarenaro zamani, na nimekisoma kitabu hiki kwa lugha zote mbili. Nataka kuingilia lile swali la «mwandishi wetu», kwa kuwa naona wazee wangu wa Moshi wanakagua pasipoti kabla ya kukagua maneno.

Katika Paradise ya Kiingereza, Khalil, kijana anayeuza dukani pamoja na Yusuf, humtania mwenzake kwa kumwita kifa urongo, na mwandishi ameliacha neno hilo kwa Kiswahili. Msomaji wa ng'ambo hulipokea kama tusi la kigeni, akadhani labda linamhusu mtu aliyezubaa kama maiti, naye hakukosea sana. Sisi tuliokulia pwani tunakijua kifaurongo chenyewe. Ni kimmea kidogo chenye miiba, kinatambaa kando ya njia, na ukikigusa majani yake hujikunja papo hapo kama yaliyokufa, ukienda zako hufunguka tena taratibu. Tulipokuwa watoto tulikuwa tukishindana kuyafumba kwa vidole vya miguu njia nzima, anayefika kisimani akiwa amefumba mengi ndiye mshindi. Sasa mrudieni Yusuf mkiwa na mmea huo mbele ya macho. Anaguswa na baba anayemtoa kwa deni, anaguswa na Aziz, na mke wa Aziz naye anamtaka, na kila mara hujikunja, akanyamaza, akasubiri mkono uondoke. Neno moja la utani la Khalil limeibeba tabia nzima ya kijana huyo, na limefungwa kwa ufunguo ambao uko mikononi mwetu.

Vivyo hivyo kwa rehani. Yusuf anatoka kwao akiwa na miaka 12, akiamini kwamba anafuatana na mjomba tajiri ambaye kila akija kuwatembelea humpa sarafu ya anna kumi wakati wa kuaga. Ni Khalil anayemweleza, tena bila huruma nyingi, kwamba yule si mjomba wake, kwamba amewekwa rehani kwa sababu baba yake anadaiwa, na kwamba kuanzia sasa amwite Seyyid. Kiingereza kina neno moja tu kwa ami na mjomba, kwa hiyo uongo ule unaweza kujificha ndani ya neno hilo kwa kurasa nyingi. Mtoto wa pwani angeuliza siku ya kwanza, ndugu huyu ni wa upande wa baba au wa upande wa mama? Mara nyingi nimewaza kwamba Gurnah alikuwa akiicheka lugha aliyoazima.

Na yule Kalasinga, fundi mwenye gari anayebishana na Hamid juu ya pepo na moto, anayetamani kuitafsiri Kurani kwa Kiswahili ingawa yeye ni Singasinga! Mgeni anaweza kudhani Kalasinga ni jina alilopewa na wazazi wake. Arusha na Moshi nzima inajua tulivyokuwa tukiwaita mafundi wale waliotengeneza malori na kujenga nusu ya majengo ya mjini.

Kwa hiyo ndugu yetu aliyesema kwamba Gurnah anaandika kwa Kiingereza amesema kweli, lakini ninashuku kwamba Kiingereza chake kina mizizi iliyonyweshwa maji ya kisima kingine.

Shangazi wa Majengo (Moshi)

Nimesoma yote na nimefaidika, ila naona tunamsafisha mno mtu ambaye hajaomba kusafishwa. Uraia na mapenzi ni mambo mawili, na sheria ya Tanzania haikubali mtu mzima awe na uraia wa nchi mbili. Mwaka ule wa tuzo watu walibishana juu ya jambo hilo mitandaoni kwa ukali, huku Rais Samia Suluhu Hassan, ambaye naye ni Mzanzibari, akimpongeza kwamba ushindi wake ni heshima kwa Watanzania na kwa Afrika. Mimi naona wote walikuwa na haki. Serikali hupongeza, mwananchi huuliza: alipokuwa hana tuzo, nani alimtaja?

Lakini vitabu vyenyewe si vya kubembeleza taifa. Katika Admiring Silence msimulizi anarudi Zanzibar baada ya miaka mingi Uingereza, anakuta vyoo vimeziba na maji hayatoki, na anakuta mama yake na ndugu wamekwisha kumtafutia mchumba, nao hawajui kwamba kule alikotoka ana mwanamke na mtoto mkubwa, kwa sababu hakuwahi kuwaandikia. Kule Uingereza nako alikuwa akimtungia baba wa mwanamke huyo hadithi za uongo za kumfurahisha juu ya uzuri wa ukoloni. Anadanganya pande zote mbili kwa adabu kubwa. Wapo waliokasirishwa na namna Gurnah anavyoyaeleza Mapinduzi, kwa kuwa anayaeleza kama aliyeyapata akiwa kijana wa upande ulioumia, na mwenye kumbukumbu tofauti ataona upande mmoja umepewa kurasa nyingi zaidi. Hilo lisemwe. Hata hivyo waungwana wa zamani, wenye watumwa na wadeni wao, hawakupona pia, kwa maana Aziz mwenyewe ni mwungwana, ananukia manukato, ana adabu, ana bustani, na bustani hiyo imejengwa juu ya watoto wa watu waliowekwa rehani. Mtu anayetaka kusifia enzi za Sultani asingeandika bustani ile.

Dottie, kwa ladha yangu, inachosha. Msianze nayo.

Msomi wa Njiro (Arusha)

Shikamooni wazee wangu. Mimi bado nasoma chuo na nimekuwa nikiandika juu ya waandishi wa Afrika Mashariki, kwa hiyo niwie radhi, Mwalimu, nikiwa mrefu upande mmoja na mfupi upande mwingine.

Juu ya lugha, watu hupenda kumlinganisha Gurnah na Ngũgĩ wa Thiong'o wa Kenya, aliyeamua kuacha kuandika riwaya kwa Kiingereza akarudi kwenye Kikuyu. Ulinganisho huo una kasoro. Ngũgĩ alipogeuka alikuwa tayari mwandishi mwenye jina, alikuwa kwao, alikuwa ameshiriki mchezo wa kuigiza na wanakijiji wa Kamirithu mwaka 1977, na alitiwa kizuizini kwa sababu hiyo. Wasomaji na watazamaji wake walikuwa wamekaa mbele yake kwenye mabenchi. Gurnah alishika kalamu akiwa ugenini, hana hata mtu mmoja wa kumwonyesha karatasi ya Kiswahili, na lugha aliyokuwa akiisoma usiku na mchana ilikuwa Kiingereza. Kwangu mimi, hakuna lugha aliyoiacha, maana hakuwahi kuanza kuandika kwa nyingine. Wakati huohuo Zanzibar ileile ilikuwa ikitoa watunzi wakubwa wa riwaya za Kiswahili kama Adam Shafi, Said Ahmed Mohamed na Mohamed Suleiman Mohamed, na ni masikitiko kwamba wageni waliokuja kuulizia Gurnah mwaka 2021 hawakuulizia pia hao, wakidhani kisiwa kile kina mwandishi mmoja.

Kuhusu kitabu cha kufuata, wengi watawaambia Afterlives, kwa sababu inaanzia pale ambapo Peponi inaishia. Mnakumbuka mwisho wa Yusuf, anavyokimbia kufuata safu ya askari wa Wajerumani. Katika Afterlives tunamkuta Hamza, kijana mwingine mwenye makovu yanayofanana na ya Yusuf, akiwa ndani ya jeshi hilo, chini ya ofisa anayemfundisha Kijerumani na hata kumpa kitabu cha mashairi, huku vita ya 1914 hadi 1918 ikizikanyaga nchi za watu ambao hawakuwa na ugomvi na yeyote Ulaya. Kwa watu wa Moshi hayo si ya mbali. Mangi Meli, chifu wa Wachagga, alinyongwa na Wajerumani Moshi ya Kale mwezi Machi 1900, na jeshi la Wajerumani lilikuwa na makao yake mjini kwenu katika miezi ya mwanzo ya vita mpaka Waingereza walipouteka mji mwezi Machi 1916. Gurnah anawafuata askari weusi waliofanya kazi ya jeshi hilo na anauliza kitu ambacho sisi tulioumizwa nalo hatupendi kukiuliza: walikuwa watoto wa nani? Kuna Ilyas pia, ambaye msako wa habari zake unashika sehemu ya mwisho ya kitabu, lakini sitaki kuwamalizia utamu.

Pamoja na hayo yote, ushauri wangu ni By the Sea. Saleh Omar, mzee wa miaka 65 aliyewahi kuwa mfanyabiashara wa samani Zanzibar, anashuka uwanja wa ndege wa Gatwick akiwa na pasipoti ya jina la mtu mwingine na kijisanduku cha udi. Ofisa wa uhamiaji, naye pia mtoto wa wahamiaji, anakifungua kijisanduku, ananusa, anauliza ni kitu gani, na mwisho anakichukua. Mzee hasemi, kwa kuwa ameshauriwa ajifanye hajui Kiingereza. Ukurasa baada ya ukurasa mzee ananyamaza huku kichwani akitusimulia udi ule aliupata kwa nani, kwa biashara gani, na deni gani lilitokana na biashara hiyo, mpaka tunafika kwenye nyumba iliyowekwa dhamana na familia mbili zilizoangamizana kwa sababu yake. Wazee waliostaafu watamwelewa Saleh Omar kuliko anavyomwelewa mhadhiri wetu chuoni, anayetufundisha kitabu hicho kana kwamba ni ripoti ya wakimbizi.

Mwalimu Mstaafu (Moshi)

Nawashukuru sana, nanyi vijana marahaba. Niliyachapisha majibu yenu na kuyapeleka kikaoni Jumamosi, tukayasoma kwa sauti kabla ya chai.

La mlima bado halijaisha. Mwenzetu aliyelianzisha alikuja na hoja mpya: kitabu kinasema kwamba Kawa, mji wa akina Yusuf, ulichangamka Wajerumani walipoufanya kituo cha ujenzi wa reli ya kwenda nyanda za juu, na reli ya kutoka Tanga ilifika hapa Moshi mwaka 1911, tena Arusha ikasubiri mpaka 1929, jambo alilolitaja kwa furaha isiyofichika. Nikamwambia kwamba Gurnah hakuutaja mji kwa jina, na mwandishi anayeijua nchi kiasi hicho hasahau jina kwa bahati mbaya. Alijibu kwamba hata baba yake hakupenda kutaja majina ya watu aliowadai.

Kifaurongo kilizua mengi zaidi. Mama mmoja katika kikao, mzaliwa wa Pangani aliyeolewa Uru, alikuwa amelisoma neno hilo kwenye nakala ya Kiingereza ya mwanawe na hakulitambua kwa sababu limeandikwa maneno mawili. Tuliposoma maelezo ya Mtanga alinyamaza kidogo, akatuomba tumpe tena kitabu, akarudi kwenye sura ya kwanza, pale Yusuf anapowatazama Wazungu wawili kituoni na mmoja wao anamkunjulia meno mpaka mtoto anakimbia. Akasema, «Huyu alianza kujikunja hapa.» Hatukuwa tumeona.

Tumekubaliana tufuate By the Sea. Nakala mbili zinakuja kutoka Dar es Salaam kwa basi, na mimi nimepewa kazi ya kuwasomea wale wenzetu watatu nikifasiri papo hapo, kazi ambayo nimeanza kuijaribu usiku kwa kurasa za kwanza alizonitumia mwanangu. Nimekwama mapema. Pale uwanjani mzee ananyamaza kwa yote, lakini yapo maneno mawili ya Kiingereza ambayo anayatamka, moja la kusema kwamba yeye ni mkimbizi na jingine la kuomba kile ambacho mkimbizi huomba. La kwanza halina taabu. Hilo la pili nimeandika «hifadhi», na nilipomsomea mke wangu aliniuliza kama mzee huyo alikuwa anakwenda Serengeti. Kwa sisi wa mikoa hii hifadhi ina tembo na lango la kulipia. Mtanga, ndugu yangu, nyie wa pwani mngesemaje?

Mtanga wa Ngarenaro (Arusha)

Mwalimu, nimecheka mpaka nimeamsha watu. Hifadhi ni sahihi na ndilo neno la kisheria, lakini masikio ya kaskazini yamekwisha kuharibiwa na watalii. Mimi ningejaribu «himaya», kisha ningelitupa kwa kuwa linanuka Wajerumani na Waingereza, na Saleh Omar hakutoka kwenye himaya moja ili aombe kuingia nyingine. Bibi yangu angesema mtu huyo anaomba «kusitiriwa». Jaribu hilo kwa sauti, mzee akiwa amesimama mbele ya kaunta na kijisanduku chake kimefunguliwa, kisha utuambie mama wa Pangani amesemaje.

Kalamu Kavu (Arusha)

Nakala zenu zimepakiwa asubuhi hii. Nimeziweka kwenye bahasha ngumu, na nimewaongezea karatasi mbili za kufunikia ili kalenda ipumzike.